Miwani kwa miaka 32: je, nifanyiwe upasuaji wa leza?

Fundi Saa (muulizaji)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nilivalishwa miwani yangu ya kwanza nikiwa na umri wa miaka 11, baada ya mwalimu kugundua kwamba nilikuwa nikinakili kutoka kwenye daftari la mwenzangu kwa sababu maandishi ya ubaoni sikuyaona kabisa. Leo nina miaka 43. Jicho la kulia lina namba hasi 5.50, la kushoto hasi 5.00 (hasi ni namba ya asiyeona mbali), na yote mawili yana astigimatizimu, kasoro ya umbo la jicho inayopotosha picha, ndogo ya 0.75. Namba hizi hazijabadilika kwa zaidi ya miaka kumi.

Sipendi kuisema vibaya miwani, maana imenitunza. Hata hivyo, aliyejaliwa macho mazima hawezi kuujua uchovu wa kuamka usiku na kupapasa kila mahali akitafuta kitu ambacho, bila ya chenyewe, hawezi kukiona. Wala wa kunyeshewa mvua na kuona dunia nzima imegeuka matone. Pua yangu ina alama mbili za kudumu pale miwani inapokaa.

Kilichonisukuma zaidi ni kwamba mwaka huu miwani yenyewe imeanza kunigeuka. Nikiwa nimeivaa, maandishi ya simu yanafifia, na najikuta naipandisha juu ya paji la uso ili nisome. Kazini nimefanya hivyo kwa miaka mingi, kwa kuwa mimi ni fundi wa saa na skrubu ndogo huonekana vizuri zaidi nikiivua, lakini sasa jambo hilo limenifuata hadi nyumbani. Nimelichukulia kuwa ishara kwamba macho yanazidi kuharibika, na kwamba nisipochukua hatua sasa nitachelewa.

Nilikwenda kwenye kliniki moja, nikapimwa kwa muda usiozidi nusu saa, nikaambiwa kwamba ninafaa na nikapangiwa tarehe. Nilipouliza kuhusu madhara, nilijibiwa kwa tabasamu na kipeperushi. Ndiyo maana ninawauliza ninyi mliopitia njia hii: ni nini ambacho hamkuambiwa mapema? Je, umri wangu ni kikwazo? Na je, ni kweli kwamba nikishafanyiwa nitakuwa nimeagana na miwani maisha yangu yote?

Alfajiri

Ndugu Fundi Saa, nilifanyiwa LASIK, aina mojawapo ya upasuaji huo wa leza, miaka sita iliyopita nikiwa na umri wa miaka 29 na namba hasi 4.00 katika macho yote mawili, na nitakueleza nilivyoyaona mambo bila kuyapamba.

Upasuaji wenyewe ni mfupi kuliko hofu inayoutangulia. Unalala chali, unatiwa matone ya ganzi, kope zinashikiliwa kwa kifaa kidogo ili usipepese, kisha pete inawekwa juu ya jicho na kulifyonza lisicheze. Hapo utahisi mgandamizo na kwa sekunde kadhaa mwanga utafifia hadi karibu giza. Leza ya kwanza inakata kifuniko chembamba kwenye uso wa konea, kile kioo angavu kilicho mbele ya jicho, daktari anakifunua kama anayefunua ukurasa wa kitabu, halafu leza ya pili inapunguza nyama ya konea iliyo chini yake kwa muda usiofika dakika moja. Nilisikia harufu kama ya nywele zinazoungua. Hakuna aliyekuwa amenionya kuhusu harufu hiyo, na nakiri kwamba moyo ulinienda mbio. Kifuniko kikarudishwa mahali pake bila kushonwa, nikaambiwa nikalale.

Asubuhi yake niliamka nikausoma ukutani mwezi na tarehe kwenye kalenda, nikiwa kitandani. Nililia, sioni haya kulisema.

Sasa yale ambayo sikuambiwa, au niliambiwa kwa haraka mno nisiyashike. Macho yangu yalikuwa makavu kwa muda wa miezi minane, kwa sababu kifuniko kinapokatwa na neva za konea hukatwa pamoja nacho, na jicho lisilohisi ukavu wake haliombi machozi ya kutosha. Nilitembea na chupa ya machozi bandia mfukoni kila siku. Usiku nilikuwa naona duara za mwanga kuzunguka kila taa, zikapungua polepole, na mpaka leo mojamoja huonekana. Hata hivyo, ningerudishwa nyuma ningefanya tena.

Mkaaji Mgeni

Naomba kuuliza jambo moja kabla ya wengine kuendelea. Je, unavaa lenzi za kuwekwa machoni, na kama unavaa, kliniki hiyo ilikutaka uziache kabla ya kipimo? Lenzi laini huhitaji kuachwa kwa wiki moja au mbili, na zile ngumu kwa wiki kadhaa, kwa sababu hubadilisha umbo la konea na hivyo kuharibu vipimo.

Fundi Saa

Sijawahi kuzivaa. Miwani tu tangu utoto.

Mpima Macho

Ndugu Fundi, kazi yangu ni kupima macho. Sipasui, kwa hiyo sina cha kukuuzia wala sababu ya kukuzuia. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, na sentensi iliyonisimamisha ni ile uliyoipita haraka, kwamba kazini huvua miwani ili uone skrubu.

Jicho lisiloona mbali lina umbali wake ambao huona kikamilifu bila kujikaza hata kidogo, na umbali huo unapatikana kwa kugawanya mita moja kwa namba ya miwani. Mia moja kwa tano na nusu ni kama kumi na nane: jicho lako la kulia, bila miwani, linakaa limetulia kwenye sentimita 18. Mtu wa umri wako asiyewahi kuvaa miwani, akitaka kuona kitu kilicho karibu hivyo, hukaza lenzi ya jicho lake hadi mwisho wa uwezo wake na bado huenda asifike. Wewe umetembea miaka yote hii na kioo cha kukuzia ndani ya macho yako, na ufundi wako umejengwa juu yake bila wewe kukihesabu kuwa chombo cha kazi.

Hilo la simu kufifia ukiwa umevaa miwani ni jambo jingine kabisa, na halina maana kwamba macho yako yanaharibika. Lenzi iliyo ndani ya jicho, nyuma ya mboni, hupoteza ulaini wake kidogo kidogo tangu utoto, na kati ya umri wa miaka 40 na 45 watu wengi huanza kuona kwamba haikunji tena vya kutosha kusoma karibu. Hali hiyo huitwa presbiopia, na humpata kila mtu, aliyevaa miwani na asiyevaa. Leza ya LASIK hufanya kazi kwenye konea iliyo mbele ya jicho na haiigusi lenzi hiyo. Itakuondolea hasi 5.50, na pamoja nayo itakuondolea zile sentimita 18. Utaiona vizuri saa ya ukutani, lakini ile iliyo mkononi mwako utaihitajia miwani, leo ya namba ndogo, na kufikia miaka 50 ya namba kubwa zaidi. Kwa hiyo swali lako la tatu jibu lake ni hapana, na la pili ni kwamba umri haukukatazi upasuaji, ila unabadilisha thamani ya kile utakachokipata. Alfajiri alikuwa na miaka 29. Alipata umbali na karibu kwa pamoja, na atakuja kudaiwa sehemu yake baadaye.

Ukiambiwa kwamba lipo suluhisho la kurekebisha jicho moja lione mbali na kuliacha la pili na namba ndogo kwa ajili ya kusoma, ni kweli, na wengi wanaishi nalo vizuri. Tatizo ni kwamba macho mawili yenye kazi mbili tofauti hupunguza uwezo wa kupima kina, na sidhani kama fundi wa saa anaweza kuupuuza uwezo huo. Njia ya kupandikiza lenzi nyembamba ndani ya jicho, mbele ya lenzi ya asili, nayo ni nzuri kwa wenye namba kubwa sana au konea nyembamba, lakini inakurudisha kwenye presbiopia ileile.

Kuhusu konea yenyewe, hesabu si ngumu. Kwa kawaida katikati yake ina unene wa kama nusu milimita, tuseme mikroni 540 (mikroni elfu moja ni milimita moja). Kifuniko cha LASIK huchukua takriban mikroni 110, na kila diopta moja, yaani namba moja kamili ya miwani, inayorekebishwa hula kati ya 12 na 15 hivi. Kwa namba yako hiyo ni kama 80. Kitakachobaki chini ya kifuniko ni kama 350, na kinachotakiwa kisipungue 250, ingawa wapasuaji wengi waangalifu hawapendi kushuka chini ya 300. Ukiwa na unene wa kawaida, hapo huna shida. Lakini je, walikupa namba hiyo? Walikupiga ramani ya konea, mbele na nyuma? Walipima upana wa mboni gizani, wingi wa machozi, na kuitazama retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, baada ya kuipanua mboni kwa matone? Nusu saa haitoshi kwa hayo yote, kwani matone hayo peke yake huchukua karibu dakika 20 au zaidi kufanya kazi.

Na jambo ambalo karibu hakuna anayelitaja: jicho lisiloona mbali kwa kawaida ni jicho refu kupita kiasi, na retina iliyotandazwa ndani yake imenyooshwa. Leza haifupishi jicho. Hata ukija kusoma mstari wa mwisho wa chati bila miwani, utabaki na retina ya mtu wa hasi 5.50, na ukiona vimulimuli, vidoa vyeusi vingi vya ghafla, au pazia linaloshuka upande mmoja, unatakiwa umwone daktari siku hiyohiyo. Pia, ukiamua kufanyiwa, omba nakala ya vipimo vyote vya kabla ya upasuaji na uvihifadhi kama unavyohifadhi cheti cha kuzaliwa. Siku utakapopata mtoto wa jicho uzeeni, daktari atavihitaji ili kukokotoa lenzi ya kukuwekea, kwa kuwa konea iliyopunguzwa hudanganya vipimo vya kawaida. Na presha ya jicho nayo husomeka ya chini kuliko ilivyo.

Kwa Alfajiri, kuhusu ile harufu: hukuwa ukiungua. Leza ya eksima, ile iliyopunguza konea yako, yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 193, hukata vifungo vya molekuli bila kupasha joto kingo. Jambo hilo liligunduliwa mwaka 1981 na watafiti watatu wa IBM, Rangaswamy Srinivasan, James Wynne na Samuel Blum, na mojawapo ya vitu walivyovijaribia ilikuwa mabaki ya bata mzinga wa sikukuu. Nimewahi kuwasimulia wagonjwa habari hii ili kuwatuliza, na matokeo yake hayajawa mazuri.

Ushauri wangu, Ndugu Fundi, ni kwamba ujaribu kabla ya kukatwa. Mwombe mpimaji akupe lenzi za kuvaliwa machoni zinazokurekebisha kikamilifu kwa mbali, uzivae kwa wiki nzima ukiwa kwenye meza yako ya kazi. Hivyo ndivyo utakavyoona baada ya leza, bila zile duara za usiku. Kisha jaribu wiki nyingine na jicho moja likiwa limeachwa na namba ndogo. Lenzi zinavuliwa, konea ikishapunguzwa haiongezwi. Ukifika kupimwa tena kwa ajili ya upasuaji, ziache kwanza kwa muda aliousema Mkaaji Mgeni.

Mama Pacha

Mimi nilifanyiwa PRK, aina nyingine ya upasuaji wa leza, na naandika kwa sababu inasahaulika mara nyingi. Konea yangu ilikuwa nyembamba, hivyo daktari hakutaka kuikata kifuniko. Katika PRK utando wa juu kabisa wa konea huondolewa, leza inapita, na utando huota upya wenyewe kwa siku tatu hadi tano chini ya lenzi laini inayowekwa kama bandeji.

Aliyewaambia kwamba haiumi hajafanyiwa. Siku ya pili nilikaa kwenye chumba chenye giza, machozi yakinitiririka, nikijiuliza ni nani alinituma. Uoni haukurudi kwa usiku mmoja kama wa Alfajiri. Mwezi mzima ulipita kabla sijaona vizuri, na miezi mitatu kabla sijaacha kulalamika. Faida yake ni kwamba hakuna kifuniko cha kuhofia kitahama ukipigwa jichoni.

Kwa akina dada wanaosoma: niliahirisha kwa karibu miaka miwili, kwani nilikuwa mjamzito na baadaye nikinyonyesha, na homoni hubadilisha namba ya macho na wingi wa machozi. Daktari aliyenirudisha nyumbani nilimkasirikia wakati ule. Leo namshukuru.

Asiyekubaliwa

Nami nina la kuongeza kuhusu vipimo vya nusu saa. Mahali pa kwanza nilipokwenda nilikubaliwa siku hiyohiyo. Nilikuwa nimekwisha kuomba ruhusa kazini, ndipo ndugu yangu akanisihi nipate maoni ya pili. Huko walipiga ramani ya konea na wakaona kwamba upande wa nyuma umeanza kuchomoza kuelekea chini, dalili ya mwanzo ya keratokonasi, ugonjwa unaoifanya konea ipungue nguvu na kuchomoza kama koni. Konea ya namna hiyo ikipunguzwa kwa leza inaweza kuporomoka zaidi. Waliniuliza kama nina tabia ya kufikicha macho. Nilikuwa nikiyafikicha wakati wananiuliza.

Badala ya LASIK nilipewa tiba ya kukaza konea kwa matone ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno. Bado navaa miwani. Kilichoniuma ni kwamba ramani hiyo ilichukua sekunde chache tu kupigwa, na pale pa kwanza mashine ilikuwepo.

Alfajiri

Ndugu Mpima Macho, maelezo yako ni mazuri, ila naona kama umemtisha mwenzetu kuliko inavyostahili. Wengi tuliofanyiwa tumeridhika.

Mpima Macho

Ni kweli, wengi wameridhika, na sikukusudia kusema vinginevyo. Lakini kuridhika na kutokuwa na dalili ni mambo mawili. Katika utafiti uliohusisha Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, kati ya washiriki ambao kabla ya LASIK hawakuwa na dalili kama duara za mwanga au kuona vivuli, hadi asilimia 46 waliripoti angalau dalili moja mpya miezi mitatu baadaye. Hata hivyo, waliosema kwamba dalili hizo ziliwapa taabu kubwa katika shughuli zao bila miwani walikuwa chini ya asilimia 1. Wewe mwenyewe umo katika makundi yote mawili, la wenye dalili na la walioridhika: unaziona duara, na ungefanya tena. Dereva wa lori za usiku angeweza kuipima asilimia 46 hiyo kwa namna nyingine.

Fundi Saa

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilifuata ushauri wa kujaribu kwanza. Zimepita wiki tatu.

Wiki ya kwanza nilivaa lenzi zinazoona mbali kwa macho yote mawili. Barabarani nilijihisi kama mtu aliyepewa dunia mpya: niliuona ukingo wa paa, majani ya mti mmoja mmoja, na pembeni mwa macho, mahali ambapo fremu ilikuwa ikinikatia picha, kulikuwa na vitu. Sikujua kwamba nilikuwa nimevikosa. Kisha nikakaa mezani, nikafungua saa ya mkononi ya kike, na sikuona kitu. Nilihitaji kioo cha kukuzia kuisoma karatasi ya mteja, achilia mbali skrubu. Mkono wangu ulikuwa ukipanda wenyewe kuvua miwani isiyokuwepo.

Wiki iliyofuata jicho la kushoto liliachwa na hasi 2.00. Kusoma kulirudi, kutembea kulikuwa kuzuri, ila kibano kilikuwa kikishuka pembeni ya tundu badala ya kuingia ndani yake. Niliangusha skrubu nne siku ya kwanza. Mbili sijazipata mpaka leo.

Nimeifuta ile tarehe. Wiki ya tatu niliagiza miwani mpya yenye lenzi nyembamba zaidi, na lenzi za machoni nitaendelea kuzivaa siku nisizokwenda kazini, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria kwa miaka 32. Nikistaafu ufundi huenda nikalifungua tena suala hili, ingawa Mpima Macho ataniambia kwamba wakati huo mtoto wa jicho atakuwa njiani.

Nina swali moja la mwisho. Binti yangu ana miaka 17, namba yake ni hasi 3.25, na tangu aliposikia mazungumzo haya anataka yeye ndiye afanyiwe. Yeye si fundi wa saa.

Mpima Macho

Asubiri. Katika umri huo jicho mara nyingi bado linarefuka, na kumpunguza konea leo ni sawa na kumshonea nguo mtoto anayekua. Kliniki nyingi hazimpokei aliye chini ya miaka 18, na wengine hutaka afike 21. Tunza karatasi ya namba yake ya mwaka huu na ya mwaka ujao. Zikitofautiana kwa zaidi ya nusu diopta, hajafika. Na ukimwona anafikicha macho, mlete apigwe ramani ya konea hata kama hana mpango wowote wa upasuaji.